Seriamu: Kutoka Vilima vya Gakara hadi Taa za Ziwa Tanganyika

Seriamu ni elementi ya 58 katika jedwali la elementi, metali laini ya kijivu inayong'aa inapokatwa na kufifia upesi inapokutana na hewa yenye unyevu. Wakazi wengi wa mwambao wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi kupitia Gitaza na Magara katika tarafa ya Muhuta hadi Rumonge na Nyanza-Lac, huenda hawajapata kuisikia kwa jina, ingawa wameitumia kwa miongo mingi. Ilikuwamo katika karabai zilizowavuta samaki wadogo waitwao ndagala usiku wa giza, imo katika kijiwe cha kiberiti cha gesi kinachouzwa madukani, na imo katika taa za LED ambazo sasa zinachukua nafasi ya karabai. Wakati huohuo elementi hiyo imo kwa wingi usio wa kawaida katika miamba ya Gakara, kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa hilohilo, kaskazini kidogo ya Muhuta.

Ukaribu huo wa jiwe na matumizi yake haukuzaa uhusiano wowote wa kiuchumi, kwa kuwa jiwe liliondoka likiwa ghafi na taa zikaingia zikiwa zimekwisha kutengenezwa ng'ambo. Maelezo yanayozoeleka hutaja uchache wa mitaji, ugumu wa usafiri katika nchi isiyo na bahari, au mikataba isiyo na uwiano, na kila mojawapo lina ukweli wake. Ipo, hata hivyo, sababu nyingine iliyo ndani ya elementi yenyewe, nayo ni kwamba seriamu haipatikani peke yake popote duniani, bali huchangamana na elementi nyingine zinazofanana nayo mno. Historia yake yote, tangu maabara za karne ya 18 hadi kusimamishwa kwa mgodi wa Gakara mwaka 2021, ni historia ya kutenganisha vinavyofanana, na thamani imemwendea mara zote yule aliyeweza kutenganisha, awe na mwamba wake mwenyewe au asiwe nao.

Ugunduzi uliochukua zaidi ya karne

Mwaka 1751 mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alieleza habari za jiwe zito lenye wekundu lililotoka katika mgodi wa Bastnäs, uliokuwa ukichimbwa kwa ajili ya chuma na shaba. Uzito wake ulidokeza kwamba lilikuwa na kitu kigeni ndani yake, lakini Carl Wilhelm Scheele, mmoja wa wanakemia hodari wa zama hizo, alilichunguza bila kukitambua kitu hicho. Mwaka 1803 Jöns Jacob Berzelius na Wilhelm Hisinger, ambaye familia yake ilimiliki mgodi wenyewe, walitangaza kwamba jiwe hilo lina oksidi ya metali isiyojulikana, yaani muungano wa metali hiyo na oksijeni. Mwaka huohuo Martin Heinrich Klaproth alifikia tokeo lilelile mjini Berlin bila kushirikiana nao. Berzelius na Hisinger waliipa elementi hiyo jina la Ceres, gimba la angani lililoonwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo tarehe 1 Januari 1801, na madini mengine ya mgodi huo yaliyobainishwa baadaye yakaitwa bastnesaiti kwa jina la Bastnäs. Bastnesaiti ndiyo madini makuu ya Gakara.

Kilichotangazwa mwaka 1803 hakikuwa seriamu safi, bali mchanganyiko ambao wagunduzi wake hawakujua kuwa ni mchanganyiko. Mwanafunzi wa Berzelius, Carl Gustaf Mosander, aliuchokonoa kwa asidi nyepesi na mwaka 1839 akapata ndani yake elementi nyingine, lanthanamu. Miaka michache baadaye alitoa sehemu ya tatu aliyoiita didimiamu, akiamini kwamba nayo ni elementi moja. Imani hiyo ilidumu hadi mwaka 1885, pale Carl Auer von Welsbach wa Austria alipoigawa didimiamu kuwa praseodimiamu na neodimiamu kwa kuziacha chumvi zake zigande na kuyeyuka tena mara nyingi mno. Metali ya seriamu yenyewe ilikuwa imepatikana mwaka 1875, wakati Wamarekani William Hillebrand na Thomas Norton walipopitisha umeme katika kloridi yake iliyoyeyushwa kwa moto. Jiwe moja la Sweden lilihitaji basi zaidi ya miaka 130 ya kazi ya wanakemia wa mataifa kadhaa kabla ya kukubali kusema lilikuwa na nini.

Wanakemia wa wakati huo waliziita oksidi zisizoyeyuka katika maji na zisizobadilishwa na moto kwa jina la ardhi, na hizi mpya wakaziita ardhi adimu, kwa sababu zilikuwa zimeonekana katika migodi michache tu ya Sweden. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba uadimu huo haukuihusu seriamu, kwa kuwa tani moja ya gamba la dunia huwa na gramu 60 na ushei za seriamu kwa wastani, kiasi kinachokaribiana na cha shaba na kinachopita mbali kile cha risasi. Kilicho adimu ni mahali ambapo maumbile yameikusanya kiasi cha kuchimbika kwa faida, na kilicho adimu zaidi ni viwanda vinavyoweza kuitoa katika kundi lake.

Sifa: mfanano wa ukoo na upekee wa mmoja

Seriamu ni ya kundi la elementi 15 liitwalo lanthanidi, linaloanzia lanthanamu yenye namba atomia 57 hadi lutetiamu yenye namba 71. Katika elementi nyingi, kuongezeka kwa elektroni moja hubadilisha tabaka la nje la atomu, na kwa kuwa tabaka hilo ndilo linalokutana na atomu nyingine, tabia ya elementi hubadilika waziwazi. Katika lanthanidi mambo ni tofauti, kwa sababu elektroni zinazoongezeka huingia katika tabaka la ndani, lililofichwa na matabaka ya nje, hivyo atomu huonekana kwa jirani zake karibu sawa na iliyotangulia. Karibu zote hutoa elektroni tatu zinapoungana na elementi nyingine, na zinapishana kidogo tu kwa ukubwa. Hii ndiyo sababu maumbile yenyewe hayakuzitenganisha, kwani magma iliyopoa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba yalizichukua na kuziweka pamoja.

Seriamu hufanana na nduguze katika mambo mengi. Uzito wake ni takriban gramu 6.8 kwa sentimita ya ujazo, huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 800 za Selsiasi, hukatika kwa kisu, na lazima ihifadhiwe katika mafuta au gesi isiyo na oksijeni ili isiliwe na hewa. Vumbi lake hushika moto kwa msuguano tu, na hapo ndipo hutoka cheche za kiberiti. Lakini inazo sifa mbili zinazoitenga na ukoo, na karibu matumizi yake yote yanatokana nazo.

Ya kwanza ni kwamba seriamu inaweza kutoa elektroni ya nne. Katika hali ya kutoa tatu huitwa seriamu ya valensi tatu, na katika hali ya kutoa nne huitwa ya valensi nne, ambapo valensi ni idadi ya elektroni ambazo atomu huzitumia kuungana na nyingine. Kwa kuwa hupita kwa urahisi kutoka hali moja hadi nyingine na kurudi, oksidi yake hupokea oksijeni inapozidi na kuiachia inapopungua, bila umbo lake la ndani kuporomoka. Ya pili ni kwamba elektroni yake moja ya tabaka la ndani hupanda na kushuka kati ya ngazi za nishati zinazolingana na mwanga, hivyo hunyonya miale ya urujuanimno na ya buluu, na katika mazingira yafaayo huirudisha nishati hiyo ikiwa mwanga wa njano.

Mwanga juu ya ziwa

Uvuvi wa ndagala hutegemea giza na taa. Samaki hao wadogo wa jamii mbili zinazopatikana kiasili Tanganyika pekee, na mukeke wanaowafuata kuwala, huvutwa usiku na mwanga unaowekwa juu ya maji, na ndiyo maana mbalamwezi huwapunguzia wavuvi pato. Kabla ya katikati ya karne ya 20 mwanga huo ulitoka kwenye mienge ya kuni na nyasi. Karabai, yaani taa ya mafuta ya taa yenye pampu, ilipoenea pamoja na nyavu za kuinuliwa kutoka kwenye mitumbwi iliyounganishwa, uvuvi wa mwambao wa Burundi ulibadilika kabisa, kwa kuwa taa chache ziliweza kukusanya chini ya wavu mmoja samaki waliokuwa wametawanyika katika eneo kubwa.

Siri ya karabai haimo katika mafuta, bali katika kifuko cheupe kinachoning'inia katikati yake. Mvuke wa mafuta ya taa uliochanganyika na hewa ukiungua hutoa moto wa buluu wenye joto kali na mwanga hafifu. Auer von Welsbach, aliyeigawa didimiamu, ndiye aliyepata namna ya kuligeuza joto hilo kuwa nuru. Alichovya kifuko cha nyuzi za pamba katika chumvi za metali za ardhi adimu, akakichoma, na nyuzi zilipoteketea likabaki umbo lilelile likiwa limefanyika oksidi tupu. Vifuko vyake vya mwanzo, vya mwaka 1885, vilitoa mwanga wa kijani na kuvunjika upesi. Mwaka 1891 alifikia uwiano uliotawala dunia baadaye, yaani asilimia 99 ya oksidi ya thoriamu na asilimia moja tu ya oksidi ya seriamu. Oksidi ya thoriamu hustahimili joto kali sana bila kulipoteza kwa mionzi isiyoonekana, na ile chembe ya seriamu hulitoa joto hilo likiwa mwanga mweupe. Seriamu ikikosekana kabisa kifuko hufifia, na ikizidi asilimia chache hufifia vilevile.

Ubora huo ulikuwa na gharama mbili. Kwanza, kifuko kilichokwisha kuchomwa ni majivu yaliyoshikamana, kwa hiyo wimbi, tone la mvua au mdudu huweza kukivunja, na mvuvi hulazimika kuwa na vya akiba. Pili, thoriamu ni elementi yenye mnururisho, yaani hutoa chembe na miale kutoka katika kiini cha atomu zake. Kiasi kilichomo katika kifuko kimoja ni kidogo, lakini vumbi la kifuko kilichovunjika halifai kuvutwa puani wala kuachwa karibu na chakula, na baadhi ya watengenezaji wameacha thoriamu na kuweka itriamu mahali pake.

Taa za LED zilipoanza kuingia katika uvuvi wa Tanganyika, zikipewa nguvu na betri na paneli za jua, ilionekana kana kwamba enzi ya kifuko cha Auer na kemia yake imekwisha. Kwa hakika seriamu ilibaki pale pale kwa njia nyingine. Kipande cha LED chenyewe hutoa mwanga wa buluu, uliowezekana kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ili mwanga huo uwe mweupe, kipande hufunikwa kwa unga wa njano ambao ni fuwele ya itriamu, alumini na oksijeni iliyotiwa seriamu kidogo. Sehemu ya mwanga wa buluu hupenya, sehemu nyingine hunyonywa na seriamu na kurudishwa ikiwa ya njano, na jicho huona jumla yake kuwa nyeupe. Balbu za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1996. Kwa hiyo karabai na LED, ambazo mvuvi huzilinganisha kwa gharama ya mafuta na ya betri, zinategemea elementi ileile: katika ya kwanza huangaza kwa joto, katika ya pili huangaza bila kuungua.

Matumizi mengine ya kila siku

Kijiwe cha kiberiti cha gesi ni uvumbuzi mwingine wa Auer, uliopewa hataza mwaka 1903. Hutengenezwa kwa mseto wa metali za ardhi adimu, ambao karibu nusu yake ni seriamu, ukiongezwa chuma ili uwe mgumu. Gurudumu linapokikwangua, chembe ndogo huwaka hewani na kuiwasha gesi. Bidhaa hii ina umuhimu wa pekee katika uchambuzi wa seriamu, kwa kuwa ni miongoni mwa chache zisizohitaji elementi za ukoo huo kutenganishwa: mseto hutumika karibu kwa uwiano uleule wa mwamba. Bei yake ndogo huonyesha wazi thamani ya kutumia elementi hizi bila kuzichambua.

Kwa wingi wa tani, hata hivyo, seriamu hutumika zaidi katika vioo na magari. Unga wa oksidi yake, uliochanganywa na maji, husugua lenzi za miwani na vioo vya simu hadi viwe laini kuliko vinavyoweza kulainishwa na mchanga wowote, kwa sababu haukwangui tu bali pia huungana kikemia na uso wa kioo na kuuondoa kidogo kidogo. Ukitiwa ndani ya kioo chenyewe, huondoa ukijani unaoletwa na chuma na huzuia miale ya urujuanimno. Katika bomba la moshi la magari ya petroli kuna kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha, na oksidi ya seriamu ndiyo inayokitunzia oksijeni: huitoa pale moshi unapoihitaji ili monoksidi ya kaboni iungue kabisa, na kuijaza tena inapozidi. Magari madogo yaliyotumika Japani, yanayosafirisha abiria kati ya Bujumbura na Rumonge kupitia Muhuta, yaliundwa yakiwa na kifaa hicho.

Gakara: mwamba tajiri, mnyororo mfupi

Amana ya Gakara iligunduliwa mwaka 1936, wakati Ruanda-Urundi ikitawaliwa na Ubelgiji, yaani miaka 13 kabla ya kugunduliwa kwa amana ya Mountain Pass huko California, ambayo ilikuja kuwa chanzo kikuu cha ardhi adimu duniani kwa miongo kadhaa. Gakara iko katika vilima vya Mutambu, takriban kilomita 20 kusini-kusini-mashariki ya Bujumbura, katika eneo linaloshuka kwa kasi kuelekea ziwani. Bastnesaiti na monazaiti zimejaza nyufa za miamba ya kale kama mishipa iliyotawanyika, na vipimo vya umri vinaonyesha kwamba madini hayo yaliundwa takriban miaka milioni 600 iliyopita, muda mrefu kabla ya kupasuka kwa Bonde la Ufa lililozaa ziwa.

Upekee wa Gakara ni utajiri wa mishipa hiyo. Migodi mingi ya ardhi adimu hufanya kazi na miamba yenye oksidi hizo kwa asilimia chache tu, wakati sampuli za mishipa ya Gakara zimeonyesha kati ya asilimia 47 na 67. Kasoro yake ni kwamba mishipa ni myembamba, haifuati mwelekeo mmoja, na ni vigumu kukadiria jumla ya kilichomo ardhini. Sifa hizo mbili ziliufanya uchimbaji uwezekane kwa vifaa vya kawaida na kwa mikono, na vilevile zikaufanya ubaki mdogo. Kati ya mwaka 1948 na 1978 zilitolewa takriban tani 5,000, kazi iliyoanzishwa na kampuni ya Kibelgiji ya SOMUKI, kisha eneo likalala.

Kazi ilianza upya baada ya kampuni tanzu ya Rainbow Rare Earths, inayouza hisa zake London, kupewa kibali cha kuchimba mwaka 2015, serikali ya Burundi ikiwa na hisa za asilimia 10. Mawe yalichimbwa Gasagwe, katika eneo hilo la Gakara, yakapelekwa kwenye mtambo wa Kabezi karibu na ziwa, yakavunjwa na kuchujwa kwa uzito, na kuanzia mwisho wa mwaka 2017 makinikia yake, yaani unga wa madini uliopunguzwa mawe lakini usiosafishwa, yakaanza kuuzwa nje yakiwa na takriban asilimia 54 ya oksidi za ardhi adimu. Kwa muda huo Gakara ulikuwa mgodi pekee wa ardhi adimu uliokuwa ukizalisha barani Afrika. Mwezi Aprili 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji, na mwezi Juni ikasimamisha uchimbaji, ikilalamika kwamba nchi haikuwa ikipata sehemu ya haki ya mali yake.

Thamani iko wapi

Mzozo huo haueleweki bila kurudi kwenye kemia. Karibu nusu ya ardhi adimu iliyomo katika makinikia ya Gakara ni seriamu, na sehemu inayofuata ni lanthanamu, wakati neodimiamu na praseodimiamu kwa pamoja ni karibu moja ya tano. Seriamu ni nyingi duniani, na kilo ya oksidi yake imekuwa ikiuzwa kwa dola moja au mbili tu. Neodimiamu na praseodimiamu, zinazotengeneza sumaku zenye nguvu za injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo, zimekuwa zikiuzwa kwa makumi ya dola kwa kilo. Kwa kadirio la jumla, tani 10 za makinikia hayo zina tani 5.4 za oksidi, ambamo seriamu ni kama tani 2.7 zenye thamani ya dola elfu chache, na metali mbili za sumaku ni kama tani moja yenye thamani inayoweza kuzidi dola 50,000. Bei hizo, lakini, ni za oksidi zilizokwisha kutenganishwa. Mnunuzi wa makinikia hukata gharama zote za kutenganisha kabla ya kutaja bei, na muuzaji asiye na mtambo wala maabara ya kupima hana namna ya kuhakiki makato hayo.

Kutenganisha kwenyewe hufanywa siku hizi kwa vimiminika viwili visivyochanganyika. Madini yaliyoyeyushwa katika asidi hukorogwa pamoja na kimiminika cha kikaboni kilichozimuliwa kwa mafuta ya taa, kisha huachwa yajitenge, kimoja kikielea juu ya kingine kama mawese yanavyoelea juu ya maji katika makamulio ya Rumonge. Elementi moja hulipendelea tabaka la juu kuliko jirani yake kwa kiasi kidogo tu, na kwa kuwa tofauti ni ndogo mno, hatua hiyo hurudiwa katika mamia ya matangi yaliyounganishwa. Kazi hiyo hudai asidi nyingi, umeme usiokatika, mafundi waliozoea na miaka ya majaribio, na ndiyo maana China, inayochimba takriban theluthi mbili ya ardhi adimu za dunia, husafisha sehemu kubwa zaidi ya hiyo, inayokaribia asilimia 90. Hata mradi wa Ngualla mkoani Songwe, Tanzania, ambao nao ni wa bastnesaiti na ambao serikali ina hisa za asilimia 16, umepangwa kwa msingi wa kutoa makinikia yatakayosafishwa nje.

Katika mlolongo huo wote seriamu ndiyo inayoweza kutolewa kwa urahisi zaidi, na sababu ni ileile elektroni ya nne. Bastnesaiti ikichomwa katika tanuri kwenye hewa, kwa joto la nyuzi takriban 600, hupoteza kaboni dioksidi yake, na seriamu hugeuka kuwa ya valensi nne huku nduguze wakibaki na valensi tatu. Ikitiwa kisha katika asidi hafifu ya haidrokloriki, wale wa valensi tatu huyeyuka na sehemu kubwa ya seriamu hubaki chini ikiwa unga. Njia hii ilitumika Mountain Pass kwa miaka mingi. Kwa nchi kama Burundi ingemaanisha kuiacha nyumbani karibu nusu ya ardhi adimu iliyo rahisi kwa bei na nzito kwa usafiri, na kuuza nje mchanganyiko uliokaribia maradufu kwa wingi wa metali za sumaku.

Urahisi huo una mipaka yake. Sehemu ya madini ya Gakara ni monazaiti, ambayo haikubali asidi hafifu na hudai asidi kali ya salfuriki au magadi makali, na monazaiti hubeba thoriamu inayohitaji mahali salama pa kuhifadhiwa hata pale inapokuwa kidogo. Bastnesaiti nayo ina florini, na maji machafu yenye florini na asidi hayawezi kuachiwa katika vilima ambavyo mvua huvimomonyoa hadi barabara ya taifa namba 3 kuharibiwa mara kwa mara sehemu za Gitaza. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake hubadilika polepole mno, kwa karne kadhaa, kwa hiyo kinachoingia humo hukaa. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Mtambo wa asidi uliowekwa Kabezi au Muhuta ungekuwa suala la nchi nne, na la kila familia inayokula ndagala.

Hitimisho

Historia ya seriamu inaonyesha kwamba kumiliki jiwe na kumiliki elementi ni mambo mawili. Hisinger alikuwa na mgodi wa Bastnäs nyumbani kwao, lakini elementi ilipatikana pale tu alipokaa maabara na Berzelius. Auer hakuwa na mgodi, lakini kutokana na ujuzi wa kutenganisha alianzisha biashara ya vifuko vya taa na ya vijiwe vya kiberiti. Gakara imekuwa katika hali ya Bastnäs isiyo na maabara, nao wavuvi wa Magara na Rumonge wamekuwa wanunuzi wa matunda ya maabara za wengine.

Kwa hiyo mjadala uliofuata baada ya mwaka 2021, uliojikita zaidi katika mgawo wa hisa na kodi, uligusa nusu tu ya tatizo. Asilimia kubwa ya makinikia yasiyojulikana yana nini inaweza kuwa na faida ndogo kuliko asilimia ndogo ya bidhaa iliyopimwa elementi kwa elementi. Hatua ya kwanza isiyohitaji asidi wala kuhatarisha ziwa ni maabara ya taifa yenye uwezo wa kupima kila shehena na kueleza ina seriamu kiasi gani na neodimiamu kiasi gani, ili bei ijadiliwe kwa vilivyomo badala ya uzito wa magunia. Hatua ya pili, ya kuichoma bastnesaiti na kuiondoa seriamu, inastahili kufanyiwa utafiti mbali na mwambao, mahali ambapo mabaki yanaweza kudhibitiwa na umeme wa miradi ya nguvu za maji kama ule wa Jiji na Mulembwe unaweza kufika. Hatua ya tatu, ya kuzitenganisha metali za sumaku, huenda ikawa na maana tu iwapo itafanywa kwa ubia wa nchi za kanda, kwa kuwa Gakara, Ngualla na Mrima katika kaunti ya Kwale nchini Kenya zina madini ya ukoo mmoja, na mtambo mmoja unaolishwa na migodi kadhaa una nafasi kubwa ya kujilipa kuliko mitambo mitatu isiyoshiba.